Herufi Ndogo Kando ya Mwaka: Mwongozo Kamili wa Kutambua Alama za Viwanda kwenye Sarafu za Zamani, kwa Wakusanyaji wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Mtu akikuletea shilingi ya simba ya mwaka 1952 akitaka kujua thamani yake, usimjibu kabla hujatafuta herufi. Mwaka ule shilingi za Afrika Mashariki zilitoka viwanda vitatu. Za London hazina herufi yoyote. Za kiwanda cha Heaton cha Birmingham zina H, na za kampuni ya King's Norton Metal, nayo ya hukohuko Birmingham, zina KN. Ukizishika mkononi hutaona tofauti: uzito uleule, simba yuleyule, milima ileile nyuma yake. Kinachozitenganisha ni herufi ndogo kuliko punje ya ulezi, na ukikosea kuisoma umekosea kila kitu kinachofuata: idadi iliyogongwa, upatikanaji wake na bei.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mwanga, subira, na kujua nani aligonga nini mwaka gani.

Kwa nini Kanda ya Ziwa ina mchanganyiko wa pekee

Ziwa hili lilikuwa njia panda ya fedha. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kuanzia hapo meli zilishusha bidhaa na rupia za India Bukoba na Mwanza. Wakati huohuo Wajerumani walikuwa na boma lao Mwanza na sarafu zao wenyewe: sarafu ndogo za shaba zilizoitwa pesa na rupia za fedha tangu 1890, kisha heller kuanzia 1904, heller 100 kwa rupia moja. Waingereza waliingia Mwanza Julai 1916. Baadaye ikaja Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki na shilingi yake ya 1921, iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika bila kujali mpaka. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikafika mjini.

Ndiyo maana kopo moja la mzee wa Ukerewe au Magu linaweza kuwa na rupia ya Bombay, heller ya Hamburg na senti kumi ya Pretoria, zote zimekaa pamoja tangu enzi za babu yake. Kila moja ina mtindo wake wa alama, na ukitumia kanuni ya moja kusoma nyingine utapotea.

Vifaa

Kioo cha kukuza mara kumi, kama kile ambacho fundi saa au sonara hubana jichoni, kinatosha. Vya kukuza mara thelathini au arobaini vinavyouzwa rahisi vinakuonyesha vumbi kuliko herufi. Tafuta pia tochi ndogo, ya simu inafaa, mizani ya sonara inayosoma sehemu za gramu, kalipa ya kupimia upana, na sumaku. Tandika kitambaa laini mezani, maana sarafu ikidondoka kwenye sakafu ya saruji inapata jeraha ambalo halitibiki.

Kifaa kimoja kisiwepo kabisa mezani: chochote cha kusugulia. Muuzaji atakwambia kwa fahari, "Nimeisugua kwa majivu na limau, kaka, ona inavyong'aa." Hapo ameshakupunguzia nusu ya ushahidi. Herufi ya kiwanda huwa fupi kwa kimo kuliko simba au kichwa cha mfalme, na mchanga wa kusugulia huila haraka. Asidi ya limau nayo hula kingo zake hadi H igeuke vijiti viwili visivyo na katikati. Kama sarafu ina tope, iloweke kwenye maji safi, ibadilishie maji, kisha ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa bila kufuta. Zaidi ya hapo acha ilivyo.

Hatua ya kwanza: jua sarafu ni ya nani kabla ya kutafuta herufi

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo makosa yanapoanzia. Chukua herufi A. Kwenye sarafu ya Kijerumani, A ni Berlin. Lakini kwenye baadhi ya sarafu za Afrika Mashariki za mwaka 1920, zile zenye jina la George V, A ni kampuni ya Ackroyd & Best ya Morley, Uingereza. Herufi ni ileile, nchi mbili tofauti, mtawala tofauti. Kwa hiyo soma kwanza jina la mtawala na jina la nchi, kisha mwaka, kisha thamani. Herufi iwe ya mwisho.

Kwa Wajerumani jifunze herufi tatu tu: A ya Berlin, J ya Hamburg, na T ya Tabora. Rupia na pesa za mwanzo, za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, hazina herufi, kwa hiyo usipoteze usiku ukitafuta. Pesa utaitambua kwa maandishi yake ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1307 hadi 1309.

Kwa Waingereza jifunze H, KN, I ya Bombay, SA ya Pretoria, na hiyo A ya 1920. Isiyo na herufi ni ya kiwanda cha kifalme cha London. Kukosekana kwa herufi nako ni alama. Andika kwenye daftari lako "haina", usiache nafasi wazi.

Rupia za India zina desturi nyingine kabisa. Kwenye zile za George V hutafuti herufi bali nukta: geuza upande wenye thamani, tafuta ua la yungiyungi chini kabisa, kisha angalia kama kuna nukta iliyoinuka chini ya ua. Ikiwepo ni Bombay, isipokuwepo ni Calcutta. Nukta hii huliwa na uchakavu mapema, hivyo rupia iliyolala kabisa usiitolee hukumu.

Ukikutana na riali kubwa ya Maria Theresa yenye mwaka 1780 na herufi S.F. chini ya kifua cha malkia, tulia. Hizo ziligongwa kwa karne mbili katika miji mingi, zikiwemo Vienna, Rome, London na Bombay, zote zikibeba mwaka uleule na herufi zilezile. S.F. haikwambii imetoka wapi. Kuzitenganisha ni elimu nyingine, ya manyoya ya tai na broshi ya malkia, tuiache.

Hatua ya pili: mwanga wa ubavuni

Hii ndiyo roho ya kazi yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Usisimame juani saa sita mchana ukatarajia kuona kitu. Jua la utosini linafuta vivuli, na herufi ndogo huonekana kwa kivuli chake. Kaa ndani, dirisha moja wazi au tochi moja. Shika sarafu kwenye ukingo kwa vidole viwili, kamwe usiguse uso. Laza tochi karibu iwe sambamba na sarafu, mwanga uingie kwa ubavu. Sasa zungusha sarafu polepole, mwanga ukibaki palepale. Kuna pembe moja ambapo herufi iliyokuwa haipo itainuka ghafla.

Jifunze kanuni hii kwa vidole vyako: herufi ya kiwanda kwenye sarafu hizi huinuka, mkwaruzo huzama. Kitu kilichoinuka kinang'aa upande unaotazama tochi na kinatupa kivuli upande wa pili. Kitu kilichozama hufanya kinyume: giza liko upande wa tochi, mng'ao uko ng'ambo. Ukiwa na shaka, hamishia tochi upande wa pili uone kama giza nalo limehama kama lilivyopaswa.

Herufi inayowaumiza watu hapa ni I ya Bombay. Ni mstari mmoja uliosimama, na sarafu iliyozunguka mifukoni miaka thelathini ina mistari mia. Shilingi ya 1942 ipo ya H na ipo ya I. Mtu anaona mkwaruzo mahali pazuri, moyo unamdunda, anasema I. Muulize maswali matatu: umeinuka au umezama? Ncha zake zimekatika sawasawa juu na chini, au zinafifia kama ukucha uliopita? Umesimama wima kulingana na maandishi mengine, au umeegemea? Mkwaruzo hufeli swali la kwanza mara nyingi. Kama umeinuka lakini hauna mwanzo wala mwisho na unaelekea ukingoni, basi ni ufa wa muhuri wa chuma uliogonga sarafu: chuma kikipasuka, fedha huingia kwenye ufa na kuacha mstari ulioinuka.

KN nayo ina mtego wake. K ikiliwa, N iliyobaki huweza kusomeka kama H, hasa mstari wa mshazari ukiwa umelala. Tazama nafasi: H inasimama peke yake, lakini N iliyobaki peke yake itakuwa imesogea kulia na kuacha pengo la mwenzake aliyepotea. Weka pembeni sarafu nyingine ya KN iliyo safi ulinganishe. Bila sarafu ya kulinganisha, afadhali useme "haijulikani" kuliko kubahatisha.

Hatua ya tatu: tafuta mahali pote

Hakuna mahali pamoja kwa sarafu zote. Kwenye heller moja, geuza upande wa thamani iliyozungushiwa shada la majani, na herufi utaikuta chini ya maandishi. Kwenye senti za tundu za Kiingereza na shilingi za simba, anza na eneo la mwaka, pande zote mbili na chini yake, kisha kagua chini ya picha na pembezoni mwa maandishi. Kwenye senti za tundu usisahau ukingo wa tundu lenyewe, maana tundu likiwa limegongwa kando kidogo linaweza kumega kitu.

Angalizo: herufi za msanii si alama ya kiwanda. Picha ya George V ilichongwa na Bertram Mackennal, na herufi B.M. huonekana kwenye mkato wa kifua cha mfalme. Zimewahi kuuzwa kama "Bombay Mint". Chochote kilicho juu ya mwili wa mfalme ni cha msanii. Cha kiwanda huwa kwenye uwanja wa sarafu, yaani sehemu bapa isiyo na picha.

Hatua ya nne: linganisha herufi na mwaka

Baada ya kusoma, uliza: je, kiwanda hiki kiligonga sarafu hii mwaka huu? Shilingi ya 1937 ni ya H. Miaka ya Vita Kuu ya Pili kazi iligawanywa: 1941 na 1943 kuna I, 1942 kuna H na I, 1944 kuna H na SA, 1945 na 1946 ni SA. Baada ya hapo fedha iliondolewa. Shilingi za hadi 1946 zina robo moja ya fedha halisi, na kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Miaka ya 1949, 1950 na 1952 ndiyo yenye watatu: isiyo na herufi, H, na KN.

Ukisoma shilingi ya 1946 yenye I, usifurahi. Rudi kwenye mwanga usome tena, uanze na tarakimu ya mwisho ya mwaka, maana 3 na 6 zilizochakaa hufanana. Mara nyingi kosa liko hapo. Ikibaki hivyohivyo baada ya kusoma mara kadhaa kwa siku tofauti, ipime. Shilingi inatakiwa iwe na gramu 7.8 hivi na upana wa milimita 28 hivi. Sumaku isiivute kabisa, wala isivute rupia ya Kijerumani yenye gramu 11.66. Inayorukia sumaku ni chuma kilichopakwa rangi.

Edward wa Nane na senti za 1936

Hii nitaieleza peke yake kwa sababu nimechoka kusikia hadithi zake. Senti tano na senti kumi zenye tundu hazikuwa na picha ya mfalme, zilikuwa na jina lake tu, kwa hiyo kiwanda hakikuhitaji kusubiri sura. Mwaka 1936 zikagongwa zenye EDWARDVS VIII, na Desemba mwaka huohuo mfalme akajiuzulu. Uingereza kwenyewe sarafu zake za kutumika hazikutoka. Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa kwamba ukiwa na senti kumi ya Edward utajenga nyumba Capri Point.

Ukweli ni kwamba ziligongwa kwa mamilioni. Ni sarafu nzuri yenye historia, na mkusanyaji yeyote anaipenda, lakini si nadra. Cha kufanya ni hiki: soma jina kwanza, kwa sababu mwaka huohuo kuna senti kumi za GEORGIVS V pia. Kisha tafuta herufi. Senti kumi za Edward zipo zisizo na herufi, zipo za H, zipo za KN, na seti kamili ya zote tatu katika hali nzuri ndiyo inayostahili kutafutwa. Hali ndiyo itakayoamua bei: pembe za ndovu zinazozunguka tundu zikiwa na mistari yake yote, hiyo ni sarafu, zikiwa laini kama kokoto, hiyo ni ukumbusho.

T ya Tabora: herufi moja, sura nyingi

Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa, meli haziingii, sarafu zimekwisha. Wakagonga zao wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora: heller 20, heller 5, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka Sekenke. Zote zina T. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na mambo yakaishia hapo.

Kwa mkusanyaji wa Mwanza hizi ndizo tamu kuliko zote, kwa sababu mihuri ilichongwa na mafundi wa karakana, si kiwanda cha Ulaya, na kila muhuri una mkono wake. Weka heller 20 mbili mezani uanze na rangi: kuna za shaba nyekundu na kuna za shaba njano. Kisha taji: kuna kubwa na kuna dogo. Kisha geuza usome HELLER, utazame ncha za herufi L mbili: kwenye mihuri mingine zimechongoka, kwenye mingine zimejipinda. Metali, taji na L ndivyo vinavyokupa aina. Kwenye heller 5 tazama chini ya taji: kitako cha duara dufu, au kitako bapa. Sarafu zilizokaa pembeni, zenye maandishi yaliyokatwa na ukingo au uzito usiolingana, ni kawaida kwa Tabora, na hilo pekee lisikufanye uitilie shaka.

Heller 20 ziligongwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo zinapatikana bado. Rupia 15 ya tembo na mlima ni jambo jingine. Inapaswa kuwa na gramu 7.17 hivi na upana wa milimita 22. Aina zake mbili hutofautiana kwa pambo la kulia linaloishia chini ya T au chini ya A ya neno OSTAFRIKA. Za bandia ni nyingi mno. Mtu akikutolea moja mfukoni kwenye stendi ya Nyegezi na kusema ana haraka ya nauli, mtakie safari njema. Hiyo hainunuliwi bila sonara, mizani na mtu wa tatu.

Herufi iliyoongezwa na herufi iliyopotea

Walaghai hawahitaji kutengeneza sarafu nzima, wanabandika herufi. Iliyobandikwa huonyesha mstari mwembamba wa gundi au risasi kwenye kitako chake, na rangi yake haizeeki sawa na uwanja unaoizunguka. Iliyochongwa kutoka kwenye uwanja huzungukwa na bonde dogo, kwa kuwa metali ilitolewa pembeni ili herufi ibaki juu. Tazama uwanja kuliko herufi. Sarafu zilizowahi kuwa mkufu au kidani nazo zina matone ya risasi ya kuunganishia, na tone likiangukia karibu na mwaka linaweza kuonekana kama herufi.

Upande wa pili ni herufi iliyopotea. Grisi na uchafu vikijaa kwenye shimo la herufi ndani ya muhuri, sarafu hutoka bila herufi, na mtu ataiuza kama ya London. Kagua herufi jirani: kama maandishi karibu na mwaka nayo yamefifia huku upande wa pili ni mkali, muhuri ulikuwa umeziba.

Kuna pia herufi inayoonekana maradufu. Kama umbo la pili lina mgongo wa mviringo, limeinuka sawa na la kwanza na kuna kijipengo kati yao, fundi aligonga herufi mara mbili kwenye muhuri, na hiyo ni aina halisi ya kuandikwa. Kama umbo la pili ni bapa na liko chini kama ngazi, mashine ilitikisika tu. Za mtikisiko ziko tele, hazina bei ya ziada.

Kuhusu sarafu za Jamhuri

Sarafu za Tanzania za kuanzia 1966, za samaki, mbuni, sungura na mwenge, hazina herufi ya kiwanda. Zikusanye kwa mwaka na hali. Anayekuuzia senti ishirini ya mbuni "yenye alama adimu" anakuuzia mkwaruzo.

Kuandika, kupiga picha na kutunza

Kila sarafu iwe na bahasha yake ya karatasi, na nje uandike kwa penseli kabla ya kuiingiza: nchi, mtawala, thamani, mwaka, herufi, uzito, na ulikoipata. Ulikoipata usipaache. "Kopo la mzee, Nansio" ni habari ambayo katalogi haina. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali iepuke, maana huacha utelezi wa kijani kwenye shaba, na unyevu wa ziwani unaharakisha uharibifu. Weka kwenye kabati kavu lisilogusa ukuta wa nje.

Picha piga kwa tochi ya ubavuni ileile: moja ya sarafu nzima kila upande, moja ya karibu ya herufi. Ukimtumia mtu wa Kisumu au Dar picha ya kichwa cha mfalme pekee, atakuuliza herufi, na mtaanza upya. Kama unataka kuuza nje ya nchi, pitia kwanza ofisi zinazohusika na mambo ya kale uulize kibali, hasa kwa kitu kilichochimbwa ardhini au kilichokutwa kwenye makazi ya zamani. Hicho hakiuzwi kienyeji.